Breki ya Mkono na Kona Kali

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tarime)



 Najua wengine mlicheka mlipoona mada yangu kwenye ratiba. Mtumishi wa serikali akisimama mbele ya mkutano hutegemewa azungumzie mipango au bajeti, nami nimekuja na breki ya mkono. Lakini sababu ipo. Mbele ya mkutano huu kuna ombi la wenzetu waliomaliza miaka ya karibuni. Wanataka umoja wetu uandae siku moja ya autokrosi, yaani mbio za magari za uwanjani, na mapato ya kiingilio yanunue vitanda vya bweni. Wazee wetu kadhaa wamelipinga. Hoja yao ni kwamba tutawafundisha vijana kuvuta breki ya mkono kwenye kona, kisha wakaifanye kazi hiyo barabarani, na tutakuja kuwazika. Hoja hiyo ni nzito na haistahili kujibiwa kwa mzaha. Kwa hiyo naomba, kabla hatujapiga kura, tuelewe jambo lenyewe linavyofanya kazi.

Autokrosi ni nini? Ni mchezo wa kuendesha gari katika uwanja wa nyasi au wa udongo, kwenye njia fupi iliyowekewa alama za koni au matairi ya zamani. Dereva hushindana na saa. Akiangusha koni huongezewa sekunde za adhabu. Njia hujaa kona kali, hata za kurudi ulikotoka, hivyo gari haliwezi kupata mwendo mkubwa sana. Kwa majirani zetu wa Kenya mchezo huu umezoeleka, na uwanja wa Jamhuri Park kule Nairobi umeuandaa mara nyingi. Ni mchezo wa watu wa kawaida wenye magari ya kawaida, na ndipo madereva wengi wa mbio kubwa huanzia.

Na mbio kubwa si ngeni katika nchi zetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1966 na 1967 ilishindwa mfululizo na Bert Shankland, fundi kutoka Uskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na msoma ramani wake Chris Rothwell, katika Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya aliishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Mwaka 2021 mbio hizo zilirudi katika mashindano ya dunia, makao yake yakiwa Naivasha. Vijana wetu waliziona kwenye simu zao. Waliona gari likiifikia kona kali, mkia ukazunguka, vumbi likapanda, gari likaondoka. Wakauliza: amefanyaje? Jibu ni breki ya mkono. Ila jibu hilo ni fupi mno, na ufupi wake ndio hatari.

Ndugu Mwenyekiti, wengi wetu hapa tumeshika plau kabla ya kushika usukani, kwa hiyo nitaanzia shambani. Maksai wakivuta, na ulimi wa plau ukiwa ndani ya udongo, plau hufuata mfuo. Hata uisukume kwa bega, haiendi pembeni. Mkifika mwisho wa shamba, mshika plau huulaza ulimi ubavu, ukatoka ardhini. Hapo plau huteleza popote inapovutwa, maksai wanageuka, nayo inazunguka nyuma yao kwa urahisi. Imegeuka kwa sababu imeacha kushika ardhi.

Tairi la nyuma lina tabia ileile. Likiwa linabiringika hushika njia yake na hukataa kwenda pembeni. Ukivuta breki ya mkono kwa nguvu, matairi mawili ya nyuma hufungwa. Tairi lililofungwa halichagui njia tena, huteleza upande wowote linakosukumwa. Matairi ya mbele bado yanabiringika na yanafuata usukani. Basi pua ya gari inaingia ndani ya kona, na mkia unatupwa nje. Gari linazunguka kama plau ile.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Breki ya mkono hugeuza gari, lakini haigeuzi safari ya gari. Mwili wa gari unaweza kuwa umekwisha kutazama kushoto, huku gari zima bado linateleza kuelekea kule lilikokuwa likienda. Kitakachobadilisha safari ni matairi yatakaposhika tena ardhi na injini kulivuta gari kwenye njia mpya. Kati ya hatua hizo mbili kuna muda, na kuna mita za ardhi zinazoliwa. Uwanjani mita hizo zipo. Barabarani hazipo.

Walimu wetu wa fizikia watafurahi tukifanya hesabu kidogo. Chukueni changarawe kavu ambayo tairi huishika kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wa gari. Kwa mwendo wa kilometa 18 kwa saa, gari linaweza kuzunguka duara ambalo kutoka katikati hadi ukingoni ni mita 5 hivi, na huo ndio karibu mwisho wa uwezo wa usukani wa gari dogo. Kwa kilometa 36, duara linakuwa la mita 20. Kwa kilometa 72, linakuwa la mita zaidi ya 80. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi inayohitajika huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haijali ushujaa wa dereva wala jina la gari, na breki ya mkono haiwezi kuifuta.

Kwa hiyo dereva wa autokrosi anayejua kazi yake hupunguza mwendo kwanza, na hupunguza kwa breki ya mguu. Nitaeleza hatua zake ili tuone jinsi kila moja inavyotegemea iliyotangulia.

Kwanza, gari likiwa bado limenyooka, anakanyaga breki ya mguu hadi mwendo unashuka kufikia kilometa 25 au 30 kwa saa, na anaingiza gia ya pili au ya kwanza mapema. Kukanyaga breki kunahamisha uzito kwenda mbele. Matairi ya mbele yanashika zaidi, na ya nyuma yanakuwa mepesi.

Pili, anakata usukani kuelekea ndani ya kona. Usukani hutangulia mkono. Akivuta breki ya mkono gari likiwa limenyooka, mkia hauna sababu ya kwenda upande mmoja kuliko mwingine, na gari litateleza mbele tu au litachagua lenyewe.

Tatu, anakanyaga klachi ili injini isizimike matairi yanapofungwa. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hatua hii ni ya lazima. Hapohapo anavuta breki ya mkono kwa mkupuo mmoja mfupi, kidole gumba kikiwa kimebonyeza kitufe muda wote. Kitufe kikiachwa, meno yanakamata, breki inabaki imefungwa, na gari litaendelea kuzunguka mpaka limtazamishe alikotoka.

Nne, macho yake yanatazama mahali anakotaka kutokea, hayatazami koni. Mkono hufuata macho, na anayeitazama koni ndiye anayeigonga.

Tano, anaishusha breki ya mkono kabisa kabla gari halijamaliza kugeuka, maana mzunguko huendelea kidogo wenyewe. Ananyoosha usukani, anaachia klachi, anakanyaga mafuta. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox nyingi na IST tunazoziona kila siku, mafuta hayo ndiyo yanayolivuta gari na kulinyoosha.

Mambo yote hayo hufanyika kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, na mkono mmoja tu ndio ulio kwenye usukani. Ndiyo maana yanahitaji mazoezi katika mahali ambapo kukosea kunagharimu koni iliyoanguka.

Jambo jingine ambalo vijana hawaambiwi ni kwamba breki ya mkono mara nyingi hupoteza muda. Gari linaloteleza ubavu linatupa mwendo wake kwenye vumbi. Katika kona pana, au ya wastani, dereva mwerevu hupunguza mwendo, hukata usukani taratibu na kutoka akiwa na nguvu, huku mpenda sifa akiwa bado anatafuta gia. Breki ya mkono inafaa kwa kona moja tu, ile ambayo ni kali kuliko uwezo wa usukani, na hata hapo faida yake huhesabiwa kwa sehemu za sekunde. Wapo madereva mashuhuri waliougeuza mkia wa gari bila kuugusa mkono huo. Erik Carlsson wa Sweden, aliyekuja kuwa wa pili katika Safari ya mwaka 1964 akiwa na Saab ndogo inayovutwa kwa mbele, alisifika kwa kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na mafuta. Magurudumu ya mbele yaliendelea kuvuta, ya nyuma yakazuiwa, na mikono yote miwili ikabaki kwenye usukani.

Sasa tuje kwenye magari yetu, maana si kila gari linakubali mchezo huu. Gari jipya lenye breki ya mkono ya kitufe cha umeme halifai kabisa. Subaru Leone za miaka ya 1980 breki yao ya mkono ilishika magurudumu ya mbele, kwa hiyo mkia hauendi popote. Gari ambalo magurudumu yote manne yameunganishwa muda wote litaumia, kwa sababu ukifunga ya nyuma unapigana na ya mbele kupitia gia na difu. Magari ya mashindano hutengenezewa njia ya kuachanisha magurudumu hayo mara mkono unapovutwa, ambayo gari la kawaida la familia halina.

Na kuna Land Rover, ambayo watumishi wengi tuliomo humu tumezeekea ndani yake. Land Rover za zamani, hadi Defender, breki yao ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye gia. Ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo, pigo lote linaangukia shafti, difu na ekseli. Breki hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gari lililosimama. Hata likiwa limesimama, ukiliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaweza kuliachia gari libiringike ingawa breki imevutwa. Kwa hiyo utingo anayeweka mawe chini ya matairi kabla ya kupiga jeki asichekwe. Anaijua Land Rover kuliko anayemcheka.

Aidha, breki ya mkono inayovutwa kwa fujo kila Jumamosi hulegea. Waya wake hutanuka, viatu vya breki huisha, na matairi huota sehemu bapa. Halafu Jumatatu gari hilohilo linaegeshwa kwenye mteremko wa mji wa Tarime, mbele ya duka, watoto wakicheza nyuma yake. Kila gari litakaloshindana ni lazima breki yake ya mkono ikaguliwe na kukazwa upya kabla halijarudi barabarani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa niwajibu wazee wetu moja kwa moja. Wanauliza: je, kijana aliyejifunza uwanjani hataifanya kazi hii barabarani?

Tuchukue barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo, ambayo kazi hunipitisha mara kwa mara. Kuna vilima, kuna udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha, na ukivuka Mto Mara na kuingia Serengeti kuna udongo mweusi wa mbuga ambao una ubaya wake wa aina nyingine. Kuna ng'ombe wanaovuka, wanafunzi wanaotembea kando, bodaboda, na michomoko iliyojaza abiria kupita kiasi. Sasa dereva anaingia kona kwa kilometa 72 kwa saa, anaona amezidisha, anakumbuka alichokiona kwenye simu, anavuta breki ya mkono. Mkia unazunguka. Gari linatazama upande, lakini safari yake inaendelea kwenda mbele. Kwa hesabu yetu ileile, hata kama magurudumu yote manne yangefungwa, gari lingeteleza mita 40 hivi kabla ya kusimama, na hapa yamefungwa mawili tu, tena yale yenye uzito mdogo. Mita 40 ni zaidi ya upana wa barabara mara tano. Litafika kwenye korongo, au kwa anayekuja, likiwa limetanguliza mlango, mahali ambapo bati ni jembamba na abiria yuko karibu. Likiwa ni gari refu kwenda juu, tairi likikwama kwenye tuta la changarawe, litapinduka.

Dereva huyo hakujifunza uwanjani. Alijifunza kwa kutazama, na aliyetazama tu huona mkia ukizunguka. Haoni breki ya mguu iliyotangulia, haoni kwamba mwendo ulikuwa kilometa 30, haoni nafasi iliyoachwa wazi upande wa nje. Kijana aliyezunguka koni mara ishirini uwanjani, akateleza na kupita mita nane zaidi ya alivyodhani, amekwisha kufundishwa na ardhi yenyewe jambo ambalo hotuba yangu haiwezi kumfundisha. Anajua kwa mwili wake kwamba mkono ule haufupishi safari.

Hata hivyo sitaki mtu atoke hapa akidhani breki ya mkono haina kazi barabarani. Breki ya mguu ikifa mteremkoni, rudisha gia ndogo hatua kwa hatua ili injini ilizuie gari, nyoosha usukani, kisha vuta breki ya mkono pole pole, kitufe kikiwa kimebonyezwa, ukiachia kidogo kila unaposikia matairi yanafunga. Hapo ni mkombozi. Mwenye kuujua mkono huo hujua pia kuuvuta kwa upole.

Kwa hiyo napendekeza tulikubali ombi la vijana wetu kwa masharti haya. Uwanja uwe tambarare, usio na miti, mashimo wala mawe, na mifugo iondolewe tangu asubuhi. Gari moja tu liwe njiani kwa wakati mmoja, likiwa na dereva peke yake, amefunga mkanda, amevaa kofia ngumu, vioo vimepandishwa, na kila kitu kisichofungwa kimetolewa ndani. Watazamaji wakae mbali nyuma ya kamba, na asiwepo hata mmoja upande wa nje wa kona, kwa sababu huko ndiko safari ya gari inakoelekea likishindwa. Mtu aliyekunywa asiguse ufunguo. Mtungi wa kuzimia moto, mganga na gari la kumkimbiza majeruhi viwepo kabla injini ya kwanza haijawashwa. Polisi wapewe taarifa na watoe kibali chao, na Chama cha Magari Tanzania, ambacho ndicho kinachotambuliwa katika michezo hii, kiombwe ushauri. Wanafunzi walioko shuleni waje kutazama na kuhesabu saa, wasiendeshe.

Naongeza sharti moja ambalo ni langu mwenyewe. Kila atakayeshindana atangulie kupita njia nzima bila kugusa breki ya mkono, na muda wake uandikwe. Kisha apite tena akiitumia. Nyakati zote mbili zisomwe hadharani. Naamini wengi watagundua kwamba walikuwa wepesi zaidi mara ya kwanza, na somo hilo litasafiri nao hadi Mugumu na Sirari.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamwadhibu anayeendesha kwa hatari, lakini sheria humfikia mtu akishakosa. Sisi tunayo nafasi ya kumfikia kijana mapema, mchana kweupe, mbele ya wazazi na walimu wake. Tukimnyima uwanja hatutakuwa tumemnyima hamu. Tutakuwa tumemwachia barabara.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.